Globu Zilizoungua

Murmansk, Desemba. Jua limekwenda likizo.
Kalenda ya jikoni inasema litarudi katikati ya Januari.
Mama haamini kalenda. Anaamini fyuzi.

Kapitolina, fundi umeme wa mtaa,
hubeba ngazi begani kama wengine wabebavyo mkoba.
Mimi nina miaka minane, nimekumbatia sanduku la globu
na amri moja tu: usikimbie.

Jengo namba kumi na tisa, giza la kukatwa kwa kisu.
Globu ya ngazini imeibwa tena. Wati arobaini,
kitu kidogo, njano kama kiini cha yai,
kinachotosha kulipata tundu la ufunguo
na kumjua jirani kabla hujamsalimu.
Mama halaani. Anaipaka nyingine rangi nyekundu shingoni,
anaizungusha mpaka ikaze.
"Akiichukua na hii, atakunywa supu chini ya alama yangu."

Chekechea. Watoto wamevuliwa, wamebaki na chupi
na miwani myeusi, wameizunguka taa ya urujuani
kama waota moto. Hewa inanuka radi iliyokwisha kupiga.
Nesi Faina ameshika saa: dakika mbili kifua,
dakika mbili mgongo. "Geukeni!"
Wanageuka wote, isipokuwa Gleb,
ambaye miwani inambana pua na anataka kwao.
Jua letu lina swichi, na leo
swichi ndiyo iliyotuleta.

Posta, mrija mrefu unapepesa,
unapepesa, kama mtu aliyepotewa na neno.
Stata imechoka. Mama anaibadilisha
na neno linapatikana: jeupe, halina huruma,
linamwonyesha karani makunyanzi yake yote
na stempu zake zote.

Hospitali. Nachungulia mlangoni.
Kichanga cha siku tatu, ngozi ya manjano,
kimelala uchi ndani ya mwanga wa buluu,
kitambaa machoni.
"Anaogopa giza?" nauliza.
"Hiyo si ya kuonea," mama anasema. "Inamfua."
Siku nzima nafikiria sabuni.

Bandarini hatuna kazi, tunapita tu.
Taa za sodiamu zimeichovya theluji katika chai,
na koti langu la kijani limekuwa kahawia.
Mabaharia wanatembea na vivuli vinne kila mmoja.

Halafu mzee Ostap, ghorofa ya tano.
Globu ya jokofu, ile ndogo kama kidole gumba.
Mama anamwambia: jikoni una taa nzuri,
kwa nini kututoa huko kote?
Anakuna kidevu. "Usiku nikifungua mlango,
nataka kitu kiamke."
Mama hakumtoza.

Zilizokufa tunarudi nazo nyumbani.
Mama huzitikisa moja moja sikioni:
uzi uliokatika hulia *ting*, kama kijiko kwa jirani.
Kisha huitumbukiza moja ndani ya soksi, penye kisigino,
na sindano huteleza juu ya kioo
bila kuchoma kidole. Majirani huja kuziomba.
"Hiyo ya mia," huwaambia, "ya miguu mikubwa."
Kazini iliwaka saa elfu moja.
Kwetu imeshona miaka minne.

Leo chumba ni kilekile. Taa ya LED
niliyonunua sokoni, boksi lake linaahidi miaka ishirini;
inawaka baridi, haipigi kelele, haili umeme,
na tumbo lake la plastiki ni fupi,
haliingii kwenye soksi yoyote. Nimejaribu.

Katika mtoto wa meza ya mama, chini ya nyuzi za sufu,
imebaki globu moja. Shingo nyekundu.
Naiweka sikioni, naitikisa.
Kimya.
Naitikisa tena, kwa nguvu kidogo.

Holda ya ngazini iko wazi tangu Jumanne.
Soksi yangu ina tundu kisigino.
Nimekaa nayo mkononi, inapata joto la kiganja,
na sijaamua.